Baba Yangu, Mkulima wa Kwenye Fomu

Kabla sijaolewa niliulizwa maswali mengi. Shangazi zake waliuliza kabila, wakauliza nimehitimu madrasa au niliishia njiani, na mmoja, mtu wa Tanga kwelikweli, akataka kujua kama naweza kusonga bada. Kamati ya harusi iliuliza ukumbi na rangi ya sare. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama nina deni la Bodi ya Mikopo, na mimi, kama wasichana wengi ninaowafahamu, sikujitia kimbelembele kusema.

Deni likajisema lenyewe. Ilikuwa mwishoni mwa Februari 2017, tumekaa kwangu Sinza na mchumba wangu tunapiga hesabu za harusi. Yeye ni mtu wa kalamu na daftari. Akaomba slipu yangu ya mshahara ili tujue kila mmoja atatoa kiasi gani juu ya michango. Nikampa bila kuitazama, maana nilikuwa bado sijaiona ya mwezi ule.

Msomaji, kama ulikuwa kazini mwaka ule na ulisoma kwa mkopo, unaujua mwezi ninaousema. Sheria ilibadilishwa mwaka 2016, na makato yakatoka asilimia 8 kwenda asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa shilingi 900,000. Nilizoea kukatwa 72,000 kimyakimya. Slipu ile ilisema 135,000.

"Hii nini?"

"Ya Bodi."

"Bodi gani?"

"Ya Mikopo. Ya chuo."

Nilijiandaa kwa ugomvi wa pesa. Nilikuwa nimeshapanga na maneno: kwamba deni karibu milioni nane si la saluni wala la vikoba, ni la shule, na wengi wanalo. Hakugomba. Aliiweka slipu mezani, akailainisha kwa kiganja kama mtu anayepiga pasi, akasema, "Kwa hiyo wewe ulipata."

Si "unadaiwa". Alisema ulipata. Mimi nikapumua nikidhani yameisha. Ilinichukua miaka sita kuelewa alichokuwa anasema.

Hadithi yake niliijua nusunusu, usiku ule akaimalizia. Tulimaliza kidato cha sita mwaka mmoja, 2008, mimi Dar, yeye Tanga, hatujuani. Wote tulipata nafasi chuo kikuu, wote tukaomba mkopo. Bodi ilikuwa changa bado. Sheria yake ni ya mwaka 2004, kazi ilianza 2005. Kitu kikubwa kilichokuwa kinaangaliwa ni uhitaji: nani mzazi wako, yu hai au amefariki, anafanya kazi gani. Baba yake alikuwa amefariki yeye akiwa darasa la tatu. Alifia nyumbani, kijijini, akazikwa jioni ileile kama tunavyozika siku zote, watu wakasoma hitma, wakala pilau wakaondoka. Nani angeacha msiba akapande gari kwenda wilayani kuandikisha kifo? Kwa hiyo mwaka 2008 kijana alikuwa yatima kwa kila mtu aliyemjua, ila si kwa fomu. Kwenye fomu alikuwa na baba, na baba huyo hana maelezo. Mkopo hakupata, na nafasi ya chuo kikuu ikampita.

Akarudi chini, akasoma cheti, halafu stashahada. Na huko chini, kwa miaka ile, hakukuwa na mkopo wa kuomba hata kama angekuwa na karatasi zote za dunia, kwa sababu mkopo ulikuwa wa elimu ya juu. Mtoto wa cheti alikuwa wa nyumbani kwao.

Nyumbani kwao maana yake ni dada yake, Wifi yangu. Wifi anauza machungwa pale Segera, njia inapogawanyika, mabasi mengine yanakwenda Tanga na mengine Moshi na Arusha. Umewahi kupita, umewaona wanawake wanaokimbia na beseni basi likisimama. Mmoja wao alisomesha mtu cheti na stashahada kwa machungwa. Aliacha kuolewa mara ya pili kwa sababu yule bwana hakutaka "kuoa na shule".

"Mimi pia nina makato," mchumba wangu akaniambia. "Ila yangu hayakatwi na mwajiri. Nakata mwenyewe." Kila mwezi anamtumia dada yake shilingi 100,000. Hilo nalo nilikuwa silijui. Ndiyo hivyo, tulikuwa wachumba wa miaka miwili, tumeshachagua keki, na kila mmoja alikuwa ana deni mfukoni.

Tukaoana Juni. Sitakudanganya kwamba ile laki moja ya Wifi haikuwahi kuniuma. Iliniuma sana, hasa alipozaliwa Nasra na tukawa tunanunua maziwa ya kopo. Kuna siku nilimwambia Baba Nasra kwamba dada yake ni mtu mzima ana biashara yake. Akanijibu taratibu kwamba Bodi nayo ni serikali, ina pesa zake, mbona mimi nailipa? Nikanyamaza.

Mei Mosi 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kule Mwanza kwamba ile asilimia 6 ya kila mwaka ya kulinda thamani ya mkopo inafutwa. Niliipigia vigelegele nikiwa jikoni na mwiko mkononi. Mwaka uliofuata deni likaisha. Mwezi wa kwanza nilipopokea mshahara mzima nilijiona tajiri, nikanunua mapazia.

Sasa nikupeleke 2023, maana ndiko jambo lenyewe liliko.

Mtoto wa Wifi alikuwa amemaliza kidato cha nne, akafaulu sayansi vizuri, akapata nafasi ya stashahada ya fiziotherapia kwenye chuo kimoja cha afya. Na mwaka huohuo, 2023/2024, serikali ikaanza kutoa mikopo kwa wanafunzi wa stashahada. Si kozi zote: ziliwekwa za kipaumbele, kama vile afya, ualimu na ufundi, uhandisi, madini, usafirishaji, kilimo. Binti wa jirani yetu aliyekuwa anakwenda kusoma biashara hakuguswa. Lakini fiziotherapia ilikuwamo! Baba Nasra alilisoma tangazo mara tatu. Nilimwona anavyofurahi, na nilijua hafurahii mpwa wake peke yake. Mlango uliokuwa umefungwa mbele yake ulikuwa umefunguka kwa mtoto wa dada yake.

Kijana akaja Dar na begi moja na faili la plastiki. Tukakaa sebuleni na kompyuta. Masharti ya mwanzo yalikuwa mepesi, tukawa tunapiga tiki kama tunacheza. Mtanzania, ndiyo. Hajazidi miaka 35, ana 18. Amedahiliwa, ndiyo. Amemaliza shule ndani ya miaka mitano, ndiyo. Hana ajira wala biashara rasmi ya kumwingizia kipato. Hapo tulicheka, maana kipato chake ni nauli anayopewa na mjomba wake. Cheti cha kuzaliwa kilishahakikiwa na RITA. Huyu bwana alikuwa amejipanga. Mama yake alimwandikisha akiwa bado mdogo. Wifi alijifunza mwaka 2008 kwamba karatasi inaweza kumla mtu.

Halafu tukafika kwa wazazi.

Baba wa mtoto yupo. Yuko Songea, au alikuwa Songea. Aliondoka mtoto akiwa na miaka sita, hakuacha namba ya simu. Jina lake liko kwenye cheti cha kuzaliwa kwa herufi kubwa. Sasa tazama jinsi uhitaji unavyothibitishwa: yatima alete cheti cha kifo kilichohakikiwa. Mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mlemavu, alete fomu ya mganga mkuu. Aliyetoka kwenye kaya ya TASAF ana namba yake. Aliyefadhiliwa sekondari analeta barua ya mfadhili. Kila shida ina karatasi yake. Mtoto aliyekimbiwa na baba hana karatasi. Wifi si kaya ya TASAF, ana beseni tatu za machungwa na nyumba ya vyumba viwili ya bati. Kijijini kwao anaonekana ana maisha. Na mjomba anayelipa kila kitu hana sehemu yake pia. Palikuwa na sehemu ya mdhamini tu.

Nisieleweke vibaya. Pesa ya umma lazima iwe na masharti, na mtu wa ofisini hawezi kumjua kila baba aliyekimbilia Songea. Lakini nikajiuliza, tangu lini Mtanzania akasomeshwa na mtu aliye kwenye cheti chake cha kuzaliwa? Nusu ya ofisi yetu imesomeshwa na kaka, dada, mama mdogo, shemeji. Fomu inatafuta baba na mama kwa sababu ni rahisi kuwathibitisha.

Tulitoka kwenda steshenari kuchapisha fomu ili ikasainiwe serikali za mtaa na kwa mwanasheria. Kijana wa pale, ambaye msimu ule alikuwa na foleni hadi nje, aliangalia kurasa zetu kwa jicho la mzoefu.

"Baba yuko hai?"

"Yuko, ila hayupo," akajibu mpwa.

"Mnajitesa bure. Muueni."

Alisema hivyo hivyo, huku anatoa karatasi kwenye mashine. Akaongeza kwamba kuna mtu anaweza kusaidia hadi uhakiki upite, na akataja bei. Nilitegemea mume wangu ampe za uso. Badala yake akauliza, "Inachukua siku ngapi?"

Njia nzima hatukusemezana. Mpwa wetu alikaa nyuma ya bajaji amekumbatia faili. Miaka kumi na miwili hajamwona baba yake, na sasa watu wazima walikuwa wanajadili kumzika kwa bei ya steshenari.

Nyumbani Baba Nasra akampigia dada yake. Aliweka spika ili tusikie wote. Alieleza vizuri, kwa heshima, akazunguka. Wifi akamkata. "Mwanangu ana baba. Mbaya, lakini anaye. Nikimuua leo kwenye karatasi, siku akifa kweli nitalia nini?" Akasema ana mteja, akakata simu.

Usiku mume wangu hakulala. Alikuwa anaongea peke yake gizani, nami nasikia. Mimi nilikuwa na baba aliyekufa kweli, karatasi ikasema yu hai. Huyu ana baba ambaye ni kama amekufa, kwa nini karatasi isiseme hivyo? Wanaosema ukweli ndio wanaokosa. "Kuna watu baba zao walikuwa na mishahara na magari," akasema, "wakaandika mkulima, wakapata. Wengine tunafanya nao kazi."

Msomaji, kuna wakati kitanda kinakuwa kidogo.

Mwaka 2008 baba yangu alikuwa mhasibu wa kampuni moja hapa mjini. Alikuwa na Toyota Mark II. Alikuwa pia na watoto wanne shuleni na nyumba anayoijenga Mbezi, imefika kwenye lenta. Angeweza kunilipia chuo? Angeweza, ila nyumba ingesimama. Binamu yangu aliyekuwa mwaka wa pili chuoni akaja nyumbani, akaniambia wote wanaandika hivyo. Nikachukua kalamu, mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya masista. Kazi ya baba: mkulima. Kipato kwa mwaka: nikaweka kitu cha kutia huruma. Baba alisaini bila kusema neno, kisha akauliza kama kuna chai. Nilipata mkopo. Nilipata na ile 5,000 ya kila siku ya chakula na malazi, iliyokuwa boom ya wakati ule, na boom la kwanza nilinunua simu ya Nokia. Nyumba ya Mbezi ilipauliwa mwaka uliofuata. Kwenye sebule yake ndipo ilipopokelewa barua yangu ya posa.

Nikamwambia. Sikuwasha taa. Nilimwambia yote pamoja na Nokia.

Alikaa kimya hadi nikadhani amesinzia. Halafu akauliza, "Mwaka gani?" ingawa alijua. Nikasema 2008. Akauliza, "Mzee anajua kilichoandikwa?" Nikasema alisaini. Akaamka, akachukua mto, akaenda sebuleni, ambako mpwa alikuwa amelala kwenye kochi, kwa hiyo akalala chini kwenye mkeka. Siku tatu. Mpwa wake akadhani ni yeye aliyetugombanisha, akaanza kuosha vyombo kabla hajaombwa.

Nilijitetea moyoni kwa kila namna. Kwamba nimelipa yote, na riba juu. Kwamba nafasi yangu na yake hazikuwa zinashindana. Yeye alikosa kwa cheti cha kifo, si kwa ajili yangu. Hata leo naamini hivyo kwa hesabu. Lakini fungu lilikuwa moja na halikututosha wote, na mimi niliingia kwenye foleni ya yatima na gari la baba limeegeshwa nje.

Siku ya nne alirudi chumbani kuchukua shati la kazi, akakaa pembeni ya kitanda. "Nimefikiri sana," akasema. "Siwezi kukukasirikia wewe halafu nikampeleke huyu kwa yule wa steshenari." Ndiyo maneno yote niliyopata. Sikuambiwa nimesamehewa na sikuuliza.

Fomu ikaenda na ukweli wake. Baba: yupo. Kazi ya baba: haijulikani. Mama: mfanyabiashara ndogondogo. Mdhamini akasaini mjomba. Mtendaji wa kijiji, mzee anayemjua Wifi tangu anauza machungwa kumi kwa siku, akaandika barua ya nusu ukurasa kueleza hali ya nyumba ile. Sijui kama kuna aliyeisoma, lakini tuliipandisha.

Awamu ya kwanza jina halikuwapo. Kama hujawahi kukaa na mtoto anayesubiri hiyo orodha, mshukuru Mungu. Alikuwa anaingia kwenye akaunti yake asubuhi, mchana, usiku, hadi Nasra, miaka mitano, akajifunza kuuliza, "Kaka, wamekupa?" Baadaye akapata, lakini si yote. Sehemu ya ada ikabaki, na vitabu na vifaa vikabaki.

Hiyo iliyobaki nikasema nitalipa mimi. Nilishakaa chini nikaigawa kwa miezi, ikaja karibu na 135,000, yale makato yangu ya zamani yaliyokuwa yananunua mapazia. Baba Nasra alinitazama sana. Akaniambia sawa, lakini Wifi asijue inatoka kwangu, asije akaanza kunishukuru. Aliposema hivyo ndipo nilipojua bado inamuuma.

Idd ya Aprili 2024 tulikwenda Mbezi, sote, na mpwa wetu aliyekuwa likizo. Mama alipika pilau la sherehe. Baba yangu sasa ni mstaafu, anavaa kanzu na miwani, anafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, na anapenda vijana wanaosoma. Akamketisha kijana karibu yake, akamuuliza fiziotherapia ni nini, akamwonyesha goti linalomsumbua. Kijana akalikagua kwa heshima zote. Baba akafurahi, akauliza kuhusu mkopo. Kijana akaeleza: awamu ya kwanza kukosa, ya baba yake, kila kitu.

Baba akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa, mkono uko kwenye sinia.

"Mmejisumbua," akasema. "Si mngeandika mkulima tu?"

Mama akacheka. Mimi nilitazama sahani yangu. Nje kuku walikuwa wanagombania kitu. Mume wangu alimaliza kutafuna, akafuta mkono taratibu, akanyoosha mkono juu ya meza, akanisogezea kachumbari.